Prof Alianzia Nyumba ya Kwanza

Usiniulize alizaliwa wapi. Usiniulize baba yake alikuwa nani wala mama yake alivuka mto gani kuja Katanga. Nayajua yote na sitayaandika, kwa sababu watu waliotufukuza Likasi walianza na maswali hayo hayo. "Babu yako walimuzika wapi?" Ndivyo alivyoniuliza Sangwa wa nyumba ya kumi na nne, amesimama mlangoni pangu na ndoo ya chokaa, Sangwa ambaye mke wake alikuwa anakuja kwangu kuomba chumvi kila wiki. Basi huyu ninayemwandika nitamwita kama tulivyomwita sote: Prof. Alifundisha Kiingereza kwenye shule ya kampuni ya mgodi, mtaa wa Panda. Na kwetu mtu akifundisha sekondari ni Prof tu, hata kama viatu vyake vimefungua mdomo.

Vyake vilikuwa vimefungua mdomo. Koti alikuwa nalo moja, la kahawia, mfuko wa kulia umejaa vipande vya chaki mpaka umekuwa mweupe kama mdomo wa mtoto aliyekula unga. Chai alikunywa bila sukari hata siku ambazo sukari ilikuwepo. Aliogopa radi. Mtu mzima, mwenye sauti ya kutisha, lakini mvua ya Likasi ikianza kupiga alikuwa anaacha sentensi katikati na kuingia ndani, na mkewe alituambia kwa kucheka kwamba huko ndani anakaa chini ya meza. Mbwa hakuwaogopa. Wanajeshi hakuwaogopa. Radi tu.

Kambi yetu ilikuwa na mistari tisa ya nyumba, na kila mstari nyumba ishirini, zote sawa, mlango mmoja, madirisha mawili. Prof alikaa mstari wa kwanza, nyumba ya kwanza. Mimi nilikaa mstari wa tisa, nyumba ya ishirini, pale ambapo ukifungua dirisha unaona lundo la mabaki meusi ya kiwanda, na upepo ukija unafunga tena. Siku ya mposho, yaani mgao wa unga, karani wa kampuni alianza kuita kutoka nyumba ya kwanza ya mstari wa kwanza, akishuka moja moja. Miaka yote hivyo hivyo, toka wakati wa wazee wetu walioletwa kuchimba. Sisi wa tisa tulikuwa tunapewa unga wa chini ya gunia, wenye fukusi na nyuzi za katani. Hatukulalamika. Tulizaliwa tukaukuta utaratibu huo, na mtu hagombani na jua kwa sababu linatokea upande wa jirani.

Mgodi mkubwa ulipoanguka na mishahara ikaanza kuja leo, kesho hapana, watu wakaanza kutaja majina ya miji ya Zambia kama watu wanaotaja chakula. Kitwe. Ndola. Ndipo Prof akafungua darasa la watu wazima uani kwake, saa kumi na moja jioni, mara tatu kwa juma. Ada ilikuwa yai moja, au makaa kidogo, au hakuna. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilikwenda, na Mbombo wangu mgongoni, mtoto wa miezi minane. Nilitaka kujua kitu ambacho Sangwa hakijui.

Nilifikiri tutajifunza maneno mengi. Prof alitupa neno moja. Mwezi mzima, neno moja. Aliliandika kwa chaki kwenye ukuta wa nyumba yake, ndio ubao wetu, herufi kubwa kama mtoto aliyelala: *line*. Tulisoma layini.

"Neno moja likikaa vizuri kwa kichwa," alisema, "ingine itakuya yenyewe, sawa kuku kwa mahindi."

Halafu akatutoa nje. Darasa lake lilikuwa miguu. Akatuonyesha nyumba zilivyopangwa: *line*. Kamba ambayo mke wa Sangwa aliianikia nguo: *line*. Watu na ndoo zao kwenye robine, bomba la maji la kambi: *line*. Waya wa simu, ambao simu yenyewe ilikuwa imekufa: *line*. Reli, kule chini: *line*. Uzi wa kuvulia samaki, maneno ya mstari mmoja kwenye wimbo wa kanisa, ukoo wa mtu kutoka babu mpaka mjukuu, vyote *line*. Akamshika mzee Kalala, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye tanuru la shaba, akamgeuza uso kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye makunyanzi ya paji.

"Na hii?"

"*Line!*" tukapiga kelele.

Mzee Kalala akamsukuma mkono. "Prof, bale Bangereza njo maskini vile? Bote banatumia neno moja, sawa bantu ya matanga na sahani moja?"

Tulicheka mpaka Mbombo akaamka. Prof mwenyewe alicheka, na alikuwa mtu wa kucheka mara chache, kama anayetunza mafuta ya taa. Wiki ya mwisho ya mwezi alileta ndugu za neno, yale yanayoishia kwa sauti moja nalo. *Nine*, tisa, na wote wakanitazama mimi wa mstari wa tisa. *Sign*, alama. *Mine*, ambalo ni mgodi, na tena ni yangu. Mzee Kalala akasema hilo la mwisho Wazungu walilijua vizuri zaidi kuliko yote. Na *fine*, maana yake hakuna neno, mambo sawa.

Hilo la *fine* lilikuwa na desturi yake. Prof akikosea ubaoni, alisimama, akatazama kosa lake, akasema "*Sorry, class.*" Nasi tulipaswa kujibu mara moja, wote pamoja: "*It's fine, Prof!*" Tukichelewa kujibu alikasirika. Alisema mtu akishataja kosa lake usimwache amesimama nalo mkononi kama mgeni ambaye hakuna aliyempokea mzigo. Ilikuwa ni desturi nzuri. Mimi niliipenda. Nilikuwa najibu wa kwanza.

Lakini alikuwa mgumu. Nimwandike na ugumu wake, sikuja hapa kumpaka mafuta. Ukichelewa darasani, hata umetoka kuzika, unakaa nje ya ua. Siku moja mkewe alikuja robine ameungua mkono kwa mafuta, ngozi imeinuka, akaomba apite mbele atie maji. Watu walikuwa wameshamfungulia njia. Prof, aliyekuwa nyuma na bidoni lake, dumu la maji, akasema kwa sauti ya darasani, "Mama, *line* ni *line*." Mkewe akarudi nyuma, akasimama zamu yake, anapuliza mkono. Tulicheka siku ile. Mimi nilicheka kuliko wote.

Halafu wakubwa wakaanza kusema kwenye redio. Sihitaji kuwataja. Kila aliyekuwa na masikio Katanga mwaka ule aliwasikia, na wao wenyewe wanajua walisema nini. Walituita bilulu, wadudu, sisi ambao baba zetu walitoka Kasai kuchimba shaba yao. Redio ilisema, lakini redio haina mikono. Mikono ilikuwa ya Sangwa. Ni Sangwa aliyepita na chokaa akitia msalaba kwenye milango, kwa sababu yeye jirani alijua nani ni nani. Vijana waliokuja na mapanga kutoka mtaa wa Kikula wasingejua. Asubuhi walipofika waliingia kwenye milango yenye misalaba tu. Mzee Kalala walimtoa wakimburuta kwa miguu. Mimi nilitoka na mtoto, sufuria, na godoro ambalo sikufika nalo. Mume wangu alibeba mlango. Kweli, aling'oa mlango wetu wenye msalaba akaubeba kichwani mpaka gare, kituo cha treni, akisema angalau huu hawataulalia.

Tulikaa gare miezi. Maelfu ya watu, chini ya mabati, ndani ya mabehewa mabovu, chini ya mahema ya magunia, tukingoja treni ya kutupeleka Kasai, ambako wengi wetu hatujawahi kukanyaga. Na sasa nisikilize vizuri. Siku ya pili nilipoinua kichwa nikatazama, niliona kwamba watu wa kambi yetu tumejipanga kama nyumba zetu. Hakuna aliyetuambia. Mstari wa kwanza ulikuwa karibu na reli, kwenye kivuli cha ghala, na Prof mwanzoni. Wa pili nyuma yao. Nasi wa tisa tulikuwa huko mwisho, penye matope na vyoo, na mimi nimetandika mlango wangu mwisho kabisa, jirani yangu wa nyumba ya kumi na tisa kushoto kwangu kama siku zote. Wametuvunjia nyumba, sisi tumebeba mpangilio wake!

Mwenye gare wakati ule alikuwa karani mmoja, Donatien. Huyu ninamtaja, na akisoma, asome. Donatien aligeuza nafasi za treni kuwa soko lake. Leta redio, unapanda. Leta mashine ya kushona, unapanda na mkeo. Wengine walisukumwa kutoka mlangoni wameshika watoto. Ni Prof aliyemsimamisha. Alichukua daftari la shule, akapiga mistari kwa rula, akaandika watu wote wa kambi yetu, kila mtu hata mtoto wa siku moja, na treni ya kwanza ilipokuja akasimama mlangoni mwa mabehewa yetu akasoma majina. Vijana wa Donatien walimpiga kibao, akatema jino, akaendelea kusoma. Nililiona lile jino kwenye kokoto. Akasoma huku damu inadondoka kwenye daftari, na hakuna hata mtu mmoja wa kambi yetu aliyelipia nafasi kwa kitu chake. Watu walimbusu mikono. Mpaka leo huko Mwene-Ditu, Kasai, kuna wazee wanaomtaja kwenye sala. Hilo ni kweli, nami naliandika.

Aliwasoma kuanzia mstari wa kwanza, nyumba ya kwanza. Mkewe na watoto wake wanne walipanda wa kwanza kabisa. Yeye alibaki, amesema atapanda wa mwisho na daftari. Treni ile ilichukua mistari minne. Hakuna aliyeuliza kwa nini tunaanzia pale. Hata mimi sikuuliza. Siku zote karani alianzia pale.

Kabla ya treni ya pili, Mbombo alishikwa na surua. Alikuwa anatembea tayari, ana meno sita. Macho yalivimba, kifua kikawa kinapiga kama mashine ya kusaga. Mume wangu alizunguka mji kutafuta dawa, na dawa ilikuwa Kasai, watu walisema, kule mapadri wanapokea wagonjwa treni inapofika. Nikambeba nikaenda ghalani kwa Prof.

"Prof, mutoto iko na surua. Umuone. Tupatie fasi kwa treni ya kesho."

Alimtazama. Aligusa paji lake kwa nyuma ya mkono, kama baba. Halafu akafungua daftari.

"Mama Mbombo, treni ya kesho inaishia line ya saba."

"Minye najua. Njo maana nimekuya kwako."

"Nikikuingiza weye, nani atatoka?"

"Hakuna mutu atatoka! Nitamubeba ku mugongo, nitasimama. Hatutakamata fasi."

"Kila mama wa hapa iko na mugongo."

"Prof, nakuomba. Minye njo nilikuwa najibu wa kwanza mu darasa."

"Ku line ya nane kuko batoto batatu na surua."

"Basi baingie na bo!"

Akafunga daftari. Akasema polepole, kama mtu anayenieleza somo. "Nikifungua mulango kwa mugonjwa, kesho asubui Donatien ataniletea bagonjwa mia moja, na kila mugonjwa amebeba mashini ya kushona. Hii daftari njo kitu moja tu tuko nayo. Nikiivunja leo juu yako, kesho inavunjika juu ya bote."

Hapo nikamwambia, "Bibi yako alipanda ya kwanza. Alikuwa na bugonjwa gani?"

Hakuona haya. Hilo ndilo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachoma, akajibu, "Alikuwa nyumba ya kwanza."

Treni ya pili iliondoka. Mbombo alikufa siku ya tano baadaye, asubuhi, juu ya ule mlango. Tulimzika ng'ambo ya reli, pale walipozikwa wengine. Prof alikuja, akasimama mbali, daftari kwapani. Tuliporudi nilimwona amekaa kwenye kivuli cha ghala. Amefungua ukurasa wa mwisho. Anapitisha mstari juu ya jina la mtoto wangu.

Alitumia rula.

Treni ya tatu ilikuja, tukapanda sisi wa nane na wa tisa, na nafasi zilikuwa nyingi, watu walinyoosha miguu. Mimi sikumwangalia. Siyo njiani, siyo tulipofika. Kasai nilikaa miaka mitano kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake. Lugha naisikia, udongo sikuujua. Nikazaa mtoto mwingine, mvulana, Albert. Wakubwa walipobadilika tukasikia watu wanarudi kimya kimya, nasi tukarudi. Nyumba yetu ya mstari wa tisa amekaa humo binti wa Sangwa na mumewe. Sangwa mwenyewe nakutana naye kanisani. Ananipa mkono. Anasema, "Bwana asifiwe, Mama Albert, tulikukosa sana." Donatien alipanda cheo. Hakuna aliyeniuliza kitu, hakuna aliyeniambia kitu. Wote wanataka tuseme yalikuwa ya siasa, kana kwamba siasa ndiyo iliyoshika ndoo ya chokaa.

Nilipanga Kikula, nikauza unga. Na Kikula, mwezi wa tisa, kabla ya mvua, robine moja inahudumia barabara nne. Mabidoni yanasimama zamu, wenyewe tunakaa pembeni. Mchana mmoja, karibu zamu yangu, nikasikia dada wa robine anapiga kelele.

"Weye muzee! Weye utateka maji lini? Toka asubui unaachia tu bantu!"

Watu wakacheka. "Muache, njo kazi yake. Kila siku vile. Kichwa yake iliaribikia ku gare."

Nikageuka. Mwisho kabisa wa foleni alikuwa amekaa mzee juu ya bidoni la manjano. Mwanamke mmoja akafika na ndoo. Mzee akainuka, akamwonyesha kwa mkono apite mbele yake. Akaja kijana, akampisha. Koti la kahawia. Mfuko haukuwa mweupe tena.

Nilitoka kwenye foleni nikaenda kusimama mbele yake. Sijui nilitaka nini. Nafikiri nilitaka kumpiga.

"Mama Mbombo," akasema.

Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Watu wananiita kwa jina la aliye hai.

"Uko hapa unafanya nini, Prof?"

"Nangojea."

"Unaachia bantu maji. Inasaidia nani?"

"Hakuna mutu." Mahali pa jino palikuwa wazi bado, s zake zilikuwa zinapita na upepo. "Mama, ile siku treni ya tatu ilifika kule, mukashuka, nikabakia na daftari. Nikaifungua kwa nyuma, ukurasa yako ikakuya ya kwanza. Njo pale nikaona. Ningeanzia huku. Treni ya kwanza kabisa, kuanzia line ya tisa, nyumba ya makumi mbili, tunapanda juu. Line ingebakia line. Donatien hangekuwa na kitu ya kusema. Hakuna mutu aliniambia nianzie kwangu. Ni mposho tu ilitufundisha vile."

"Na ulijua lini?"

"Ile siku. Mbele yake hapana, haikunikuya mu kichwa hata kidogo. Mutoto alikuwa amekwisha kufa."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba nilimwamini. Kichwa kilichoweza kutoa mambo kumi ndani ya neno moja hakikuweza kugeuza daftari juu chini.

Akainuka kutoka kwenye bidoni. Akavua kofia. Watu walikuwa wanatutazama sasa.

"Sangwa iko na yake," akasema. "Donatien na yake. Bale ba redio na yabo. Lakini Mbombo, mama, ile kosa ni yangu."

Halafu akasimama vile vile kama alivyokuwa anasimama ubaoni, mikono imeshuka, anangoja.

Katika wote niliowataja hapa, ni yeye peke yake aliyewahi kufungua mdomo akasema. Najua. Na jibu ninalijua. Kiingereza chote kimenitoka, lakini hilo liko, na ndugu zake wote wako, kama meno.

"Nani anafuata?" dada wa robine akaita. "Mama wa bidoni ya bleu!"

Ilikuwa zamu yangu. Nilirudi, nikajaza, nikaweka kata kichwani, nikatwika. Nilipopita kwenye kona nikageuza macho bila kugeuza shingo, kwa sababu ya mzigo. Alikuwa bado amesimama pale mwisho, kofia mkononi, na watu wanampita.